Hatari Mbili, Kifuniko Kimoja

Mtaani walimwita Mama Kifuniko, na hakuwa na la kujitetea. Ukiingia kwake, sufuria ina kifuniko, ndoo ina kifuniko, kikombe cha miswaki kina kifuniko, na tundu la ufunguo limezibwa kwa pamba, eti wadudu wasipite. Methali aliyoipenda kuliko zote ni ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta, ila yeye alikuwa akiziba hata pale ambapo ufa haujaamua kutokea. Kifuniko kilichopoteza chupa yake hakikutupwa. Kiliingia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga juu ya kabati, kikakaa na wenzake mia mbili hivi, vyekundu, vyeupe, vya kijani, kila kimoja kikingoja siku yake.

"Siku chupa yako ikikosa mfuniko utanitafuta," alimwambia yeyote aliyecheka.

Kazi yake ilikuwa usafi katika nyumba moja ya wageni, vyumba kumi na viwili na vyoo sita. Huu ulikuwa mwaka wa tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyeteleza kwenye sakafu yake, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga kabla haijakauka. Aliwahi kumzuia meneja mwenyewe nje ya ofisi yake robo saa nzima, kasimama na funguo mkononi kama mpangaji aliyefukuzwa.

Sasa mtu wa namna hiyo umpelekee karatasi iliyoandikwa kemia, unategemea nini?

Karatasi aliileta bintiye, Jumatano jioni. Binti huyu alikuwa kidato cha pili, na jina lake la nyumbani lilikuwa Kwanini, kwa kuwa ndilo neno la kwanza kulitamka, na mpaka leo hakuwa amepata jingine alilolipenda zaidi. Karatasi ilimtaka mzazi akubali masomo ambayo mtoto angeendelea nayo mwakani. Kemia ilikuwa ya kwanza, imepigiwa mstari mara mbili. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi, na chini ya sahihi mistari miwili mitupu ya maoni ya mzazi. Ilitakiwa shuleni Jumatatu.

"Kemia," alisema Mama Kifuniko, ameishika karatasi kwa ncha za vidole. "Ndiyo ile yenye atomu?"

"Atomu na molekuli, mama. Ndipo tunapoanzia."

"Basi hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu redio nasikiliza. Bomu la atomu lilifuta mji mzima, watu na kuku wao. Wewe unataka nikusainie ukalichezee darasani, na kiberiti tu unakiwasha umefumba macho."

"Mama, mbona nyumba hii imejaa atomu."

Hapo alikosea, maskini. Mama yake aliinuka akaenda kuchungulia chini ya kitanda.

Kesho yake kazini alimweleza Dada Pasi, mpiga pasi wa pale, aliyekuwa na neno kwa kila jambo na jambo kwa kila neno.

"Mwana akililia wembe mpe," alisema Dada Pasi, akigeuza shuka.

"Aliyetunga hiyo hakuwa na mwana. Alikuwa na wembe tu."

"Wewe ungeweza kumfunika mtoto kwa sahani ungemfunika."

"Sahani haimtoshi. Nilijaribu akiwa mdogo."

Baba wa mtoto, dereva wa lori ambaye nyumbani alionekana siku nne kwa mwezi, alipigiwa simu akajibu kama kawaida yake: "Amueni huko, mimi napanda mlima." Mlima huo aliupanda kila alipoulizwa jambo gumu.

Ikafika Jumamosi. Siku hiyo wifi yake, dada wa dereva, alikuwa anakuja saa sita mchana na mtoto wake anayetambaa. Mtoto wa kutambaa ndani ya nyumba ya mwoga ni sawa na mkaguzi wa serikali. Tangu saa moja asubuhi Mama Kifuniko alikuwa akipita chumba kwa chumba na macho yake yameshuka mpaka usawa wa magoti, akitazama dunia kama mtoto atakavyoiona: sindano, waya, ukingo wa meza, kopo la dawa ya mende. Vyote vilipandishwa juu ya kabati, na kabati likaanza kulia.

Kwanini alimfuata nyuma na karatasi yake.

"Nipe nusu saa tu, mama. Nikishindwa kukueleza tofauti ya atomu na molekuli ukaelewa, mwenyewe nachukua kalamu naifuta kemia. Nikiweza, unasaini."

Mama Kifuniko alisimama. Hakuwa mtu wa kamari, lakini hii aliiona ameshaishinda. Yeye aliishia darasa la saba, na darasa lenyewe lilikuwa na mwalimu mmoja kwa masomo yote, hata nyimbo. Nani angemwelewesha atomu kwa nusu saa?

"Nusu saa," alisema, akaketi. "Saa inatembea."

Binti alilishusha lile kopo la maziwa, akavimwaga vifuniko mezani, akachukua uzi na utepe wa gundi. Alikuwa na busara ya kutokitoboa hata kimoja, maana kumtobolea mama yake kifuniko kungeimaliza kemia papo hapo.

"Hiki nini?" aliuliza, kainua kimoja.

"Kifuniko chekundu. Cha chupa ya sharubati. Chupa ilivunjika mwaka juzi."

"Leo ni atomu. Atomu moja ya oksijeni. Kitu kidogo sana, hata kioo cha kukuzia vitu cha shuleni hakikioni. Hivi vyeupe ni atomu za haidrojeni. Kila aina ya atomu na rangi yake. Mpaka hapo?"

"Mpaka hapo naona vifuniko."

Binti akachukua chekundu kimoja na vyeupe viwili, akavifunga pamoja, vyeupe vimekaa pande mbili kama masikio.

"Hii sasa ni molekuli. Atomu zilizoshikana zikawa kitu kimoja. Hii ni molekuli moja ya maji. Ukifungua uzi, atomu bado unazo, tatu zile zile. Maji huna."

Mama aliipokea akaigeuza.

"Kumbe ni ndoa," alisema. "Atomu ni kapera, molekuli ni waliooana."

"Karibu na hapo. Lakini si lazima wawe tofauti." Akafunga vyekundu viwili peke yao. "Hii ndiyo tunayoivuta puani. Oksijeni na oksijeni mwenzake. Nayo ni molekuli."

"Ndugu kwa ndugu?"

"Ndugu kwa ndugu."

"Basi ndoa haifai. Toa ndoa. Tuseme wameshikana mikono."

"Tuseme wameshikana mikono," alisema Kwanini, na ndani ya moyo wake aliona mfano wa mama yake umempita hata mwalimu. Akaongeza chekundu cha tatu. "Sasa wameshikana watatu. Hawa wanaitwa ozoni. Ukiwavuta hawa koo linawasha, kifua kinauma."

"Si oksijeni hao?"

"Wale wale."

"Wawili wananipa uhai, watatu wananiua."

"Kwa sababu wakishikana vingine wanakuwa na tabia nyingine. Atomu haijabadilika. Kilichobadilika ni kushikana kwao."

Jambo hilo Mama Kifuniko alilijua, ila hakujua kuwa ni somo. Aliwakumbuka shemeji yake na mjomba wa Kwanini. Kila mmoja peke yake ni mtu wa heshima, wa kusalimia wazee na kuvua kofia. Wakutanishe. Mara ya mwisho walipokutana waling'oa geti la jirani mchana kweupe, kwa maelezo kwamba walikuwa wanalinyoosha.

"Na asiyeshikana na mtu? Anaoza?"

"Haozi. Wapo wasiotaka mtu kabisa, wanakaa atomu moja moja siku zote na hawana neno na yeyote. Ile gesi ya maputo yanayopaa ndio hao."

"Kama mlinzi wa kazini kwetu."

"Kama mlinzi wa kazini kwenu."

"Na bomu?" Swali hili Mama Kifuniko alilitoa taratibu, kama mtu aliyekuwa amelificha mfukoni. "Usinizungushe. Bomu."

"Bomu wanapasua tumbo la atomu yenyewe, mama. Hiyo ni kazi nyingine, ina watu wake na mitambo yao. Kwenye kemia atomu haipasuliwi. Sisi tunafungua uzi, tunafunga uzi. Basi."

Mama aliutazama uzi. Ulikuwa uzi mweupe wa kawaida, wa kushonea vifungo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameelewa, na alijua kwamba ameelewa, na jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo. Ikiwa atakiri, lazima asaini. Akisaini, mtoto ataingia chumba kile chenye chupa na moto, na yeye atakuwa nyumba ya wageni anasugua choo namba nne, hayupo wa kuangalia kama vifuniko vimefungwa.

"Hata uzi uliwahi kunyonga kuku wetu," alisema.

"Mama, umeelewa."

"Sijasema."

"Ngoja basi nimalizie na hawa wa kijani. Ukiwaelewa hawa—"

Lakini macho ya mama yalikuwa yamekwenda saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi. Wifi alikuwa na tabia ya kufika mapema ili akukute hujajiandaa, na bafuni kulikuwa bado kuna zile chupa.

"Endelea kuongea," alisema akiinuka. "Masikio nakuachia."

Chupa zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, imebaki nusu, na kifuniko chake kilikuwa na ufa. Ya pili ilikuwa ile dawa kali ya kusugulia vyoo, asidi inayotoa ukoga wa manjano. Meneja alikuwa amenunua ya aina nyingine, akamwambia Ijumaa achukue masalia aende nayo. Kifuniko cha hii kilizunguka bila kukaza, mtoto angekifungua kwa ufizi.

Aliziweka mbele yake akazipigia hesabu ya woga, ambayo ina jumla zake yenyewe. Hatari mbili chini ya vifuniko viwili vibovu ni milango miwili ya mtoto kufia. Hatari mbili chini ya kifuniko kimoja kizima ni mlango mmoja, nao umefungwa. Zaidi ya hapo, zote mbili ni dawa za usafi. Kule nyumba ya wageni alikuwa amechanganya sabuni na sabuni miaka tisa, masalia ya hii na masalia ya ile, na kilichotoka kilikuwa povu tu. Alikuwa na kidumu cha lita tano chenye mfuniko mwekundu mgumu, ambao hata dereva wa lori aliufungua kwa kusaga meno. Kidumu hicho ndicho alichokiamini.

Akaingia bafuni na kidumu na chupa zake. Akafunga mlango. Kisha, kwa vile wifi alikuwa na pua inayosikia harufu ya dagaa wa juzi, akachukua tambara akaziba uwazi wa chini ya mlango. Kidirisha kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi, kwa ajili ya vumbi. Nyumba nzima hapakuwa na mahali palipozibwa vizuri kama pale.

Kutoka sebuleni sauti ya Kwanini ilipita mlangoni kwa mbali. "Hawa wa kijani ni klorini, mama. Wao shida yao ni kwamba hawatulii. Wanategemea sana wameshikana na nani…"

"Nakusikia," alisema, akamimina ya nguo.

Halafu akamimina ya choo.

Kidumu kilinong'ona. Kwanza alidhani ni povu, akainama kulitazama, na kitu kikamjibu usoni. Haikuwa harufu, ilikuwa kama mtu amemkamata pua kwa koleo. Macho yakajaa maji, koo likajifunga, na juu ya mdomo wa kidumu aliona kivuli chepesi cha rangi ya ndimu iliyoanza kuiva. Alikohoa, na kila alipovuta pumzi ya kukoholea alivuta kile kile kilichomkohoza.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alitafuta kifuniko.

Kilikuwa mkononi mwake, na kwa kukohoa kikamponyoka, kikagonga sakafu, kikaviringika kwa madaha mpaka nyuma ya ndoo. Akapiga magoti kukifuata. Na huko chini, karibu na sakafu, ndiko kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu ile hewa ni nzito kuliko hewa yetu, hushuka na kutulia kama maji. Hilo hakulijua. Alijua tu kwamba mkono umeshagusa ukingo wa plastiki, na kwamba akikifunika tu, yote yatakwisha.

Mlango ulisukumwa ukagota. Tambara lilikuwa limekaza. Ukasukumwa tena kwa bega, ukafunguka nusu, na Kwanini akaingiza mkono, pua ameziba kwa ukosi wa blauzi.

"Mama, toka."

"Kifuniko—"

"Usifunike. Toka."

"Nimeshakipata—"

Binti alishika kanga kiunoni mwa mama yake kama mtu anayevuta gunia, akavuta. Mama Kifuniko, ambaye mbele yake meneja alisimama robo saa akingoja sakafu ikauke, alitolewa bafuni kinyumenyume, mkononi ameshika kifuniko chekundu na nyuma yake kidumu kiko wazi.

Walipita sebuleni hawakusimama. Kwanini alisukuma dirisha moja kwa kiwiko njiani, wakatoka uani, wakaenda mpaka upande ule upepo unakotokea. Hapo mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akakohoa mpaka mbavu zikauma. Alipopata pumzi ya kwanza iliyokuwa pumzi kweli, aliinuka kurudi.

"Unaenda wapi?"

"Kukifunika. Dakika moja."

"Kaa."

"Kiko wazi, mwanangu. Kiko wazi ndani ya nyumba."

"Kikae wazi. Gesi inaendelea kutoka mle. Ukikifunga itatafuta njia, na njia itakuwa uso wako. Kaa, mama, nakuomba."

Alisema nakuomba, lakini mkono wake ulikuwa umeikamata kanga na haukuiachia. Mama alikaa. Aliinuka mara ya pili, akakalishwa. Mara ya tatu alijikalisha mwenyewe. Na nikuambie, katika yote ya siku hiyo, kukohoa na kuchomwa macho, hili ndilo lililomshinda zaidi: kukaa juu ya ndoo na mfuniko mkononi, huku chombo kiko wazi, na kujua kwamba safari hii kuziba ndiyo hatari yenyewe.

Wifi aliwakuta hivyo. Alifika kabla ya wakati, kama ilivyotarajiwa, mtoto kamweka kiunoni, akasimama getini akiishangaa nyumba. Mlango wazi. Madirisha wazi. Pazia limetoka nje linapunga mkono.

"Wifi," alisema, "mmehama?"

"Usiingie, shangazi," alisema Kwanini. "Usimshushe mtoto. Njoo huku, simama huku."

Wifi akaja. Alimtazama Mama Kifuniko, macho mekundu, kamasi, kanga imezunguka imekaa ubavuni. Akanusa mara moja, na ile pua yake iliyokuwa balaa ya ukoo mzima ikafanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza: akarudi nyuma hatua kumi na mtoto wake bila kuuliza swali. Swali aliliuliza akiwa huko huko mbali.

"Nani amefanya hivi?"

Mama Kifuniko alikitazama kifuniko. "Mimi. Nilikuwa namlinda huyo wako."

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Nesi alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwosha macho kwa maji mengi, akauliza walichanganya nini. Kwanini akasema yote, hata jinsi alivyomzuia mama yake asirudi kufunika.

"Wa tatu huyu tangu mwezi uanze," alisema nesi, akiandika. "Mmoja alitia siki kwenye dawa ya nguo, mwingine aliona dawa moja haitoshi, akaongeza ya choo juu yake. Wote wasafi kweli kweli. Wachafu hawaji hapa kwa jambo hili." Akamgeukia binti. "Nani alikwambia usimwache arudi ndani?"

"Mwalimu wa kemia."

"Mwambie namsalimu. Wengi wanaokuja hali mbaya ni wale waliorudi kufunika." Kisha kwa mama: "Nyumba ibaki wazi, na kile kidumu asikiguse mtu mpaka harufu iishe kabisa. Kifua kikikubana, hata kidogo, urudi hapa, usingoje."

Mama Kifuniko aliitikia kila neno kwa kichwa. Yeye aliyekuwa anamwambia kila mtu funika, sasa aliambiwa mbele ya mwanawe aache wazi.

Walikaa nje kwenye benchi la zahanati mpaka pumzi yake itulie. Wifi alikuwa upande wa pili wa ua anamzungusha mtoto. Ndipo Kwanini alipofungua kiganja. Muda wote ule, kuvuta, kukimbia, kushika kanga, mkono mmoja ulikuwa umekunjwa. Ndani mlikuwa na vifuniko viwili vya kijani.

"Ndio niliokuwa nataka kukuambia," alisema.

"Hao klorini."

"Ulisikia?"

"Nilikwambia masikio nimekuachia." Alikohoa kidogo. "Haya, wamefanya nini?"

Kwanini akaweka kimoja kulia, kimoja kushoto. "Huyu alikuwa kwenye dawa ya nguo, ameshikana na oksijeni. Ametulia humo, anang'arisha nguo zako. Huyu alikuja na dawa ya choo pamoja na haidrojeni, naye yuko kwenye kazi yake, anakula ukoga. Kila mmoja kwake hana neno, ukifuata maelezo ya chupa. Ulipowamimina pamoja wakaachia mikono. Haidrojeni na oksijeni wakashikana, wakawa maji."

"Maji si mabaya."

"Maji si mabaya. Lakini hawa wawili wakabaki wanatazamana." Akavisogeza vya kijani mpaka vikagongana. "Wakashikana wao kwa wao. Hiyo ni molekuli ya klorini. Ndiyo iliyokukamata pua."

"Ndugu kwa ndugu," alisema mama. "Shemeji na mjomba."

"Na geti la jirani."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha. Alivichukua vile viwili akavishika kwenye kiganja chake mwenyewe, vyepesi, visivyo na kosa. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri juu ya kifuniko.

"Kwa hiyo sikuongeza kitu kipya mle ndani."

"Hukuongeza hata atomu moja, mama. Zote zilikuwa ndani ya chupa zako. Ulifungua uzi ukafunga mwingine."

"Basi nimefanya kemia."

"Umefanya kemia. Bila daftari, bila mwalimu, na dirisha limefungwa."

Wifi, aliyekuwa na masikio ya saizi ya pua yake, aliita kutoka upande wa pili wa ua: "Na yeye si ndiye anayekataa mtoto asiisome?"

Mama Kifuniko alijifanya anakohoa tena. Wapo watu ambao wakisema kweli, kuwajibu ni kuwaongezea sauti.

Na wewe unayesoma haya, kama nyumbani mwako kuna chupa ya kung'arishia nguo na chupa ya kusugulia choo, weka hili chini uende ukaziangalie. Kila moja ikae kwenye chupa yake, na jina lake, na kifuniko chake, mbali na mwenzake. Usiwakutanishe kwa kuwa umebakiza kidogo. Usiwakutanishe kwa kuwa vyote ni vya usafi. Na kama umeshawakutanisha, acha kila kitu utoke. Kifuniko si ndugu yako.

Jumapili Mama Kifuniko alitumia nusu siku kupanga upya. Dawa ya nguo ilinunuliwa mpya, ikakaa juu, mwisho kabisa wa nyumba. Ya choo haikurudi kabisa. Kidirisha cha bafuni kilifunguliwa, na alipojaribu kukifunga kwa mazoea aliona kimezuiwa kwa kijiti. Alimwangalia bintiye. Bintiye aliangalia dari.

"Ile nusu saa yako iliisha?" aliuliza.

"Nilikuwa nimebakiza dakika tano."

"Lete karatasi."

Alisaini kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi kubwa, kila moja imekanyaga mstari vizuri. Kwanini alinyoosha mkono kuichukua, lakini mama aliiwekea kiganja juu. Palikuwa bado na ile mistari miwili ya maoni ya mzazi, na Mama Kifuniko hakuwahi kuacha kitu kitupu.

Aliandika polepole, ulimi umetoka pembeni, kisha akaifunika kalamu yake, akampa.

Kwanini aliisoma akiwa amesimama. Mstari wa kwanza ulisema: Asome kemia, dirisha likiwa wazi. Na wa pili: Asipoisoma yeye, mimi nitaendelea kuifanya.